Mabega ya Kushoto

Walioleta petroli walikuwa wameiweka chini, kwenye kivuli cha ukuta wa kituo cha polisi, isije ikapata joto. Hilo ndilo lililomkera Noemí Xitumul kuliko makelele yao. Mtu aliyepandwa na hasira huokota jiwe. Anayelitunza dumu lake kivulini ameshakaa chini akapanga.

Noemí alikuwa mpelelezi kutoka makao makuu ya mkoa. Alitumwa mji mdogo wa San Bartolo Chitzaj alfajiri ile ya Jumamosi Kuu kwa sababu kituo kizima kilibaki na polisi mmoja, Tobías Cuc, kijana wa hapo hapo, ambaye usiku kucha alikuwa amekaa na ufunguo wa mahabusu ndani ya soksi. Mahabusu mwenyewe alikuwa mwanamke mmoja mshonaji, doña Casimira Tecú. Waliosimama nje walitaka kumchoma moto.

“Tutolee huyo mama, afande,” alisema mwanamume aliyekuwa mbele. Shati lake alilivaa mkono mmoja tu. Upande wa kushoto lilining'inia mgongoni, na shingo aliipinda kama mtu anayekwepa kitu.

“Unaitwa nani?”

“Wilmer Sical. Fundi pikipiki. Hapa kila mtu ananijua.”

“Sasa na mimi nakujua, Wilmer Sical, fundi pikipiki mwenye dumu. Mtu wangu yuko ndani, na mlango wenyewe ni huu. Anayetaka kupita aanze na mimi.”

“Wewe umelala jana, afande. Sisi hatujalala. Bega linawaka kama nimelala juu ya eksozi. Hata upepo ukipita nauma meno.”

“Nione.”

Alimgeuzia bega. Noemí aliangalia kwa karibu, kisha akazunguka akaangalia kwenye mwanga. Ngozi ilikuwa safi. Hakukuwa na lengelenge, kipele, wala wekundu wa aina yoyote. Alisogeza kidole tu, hata hajagusa, Wilmer akaruka nyuma.

“Hapana kitu hapa,” alisema Noemí.

“Ndiyo uchawi wenyewe huo,” sauti ilitoka nyuma. Mwingine akadakia: “Padre katunyunyizia maji ya baraka, tukapiga mayowe zaidi. Maji ya baraka, afande. Unataka ushahidi gani tena?”

Noemí alihisi hasira inampanda mpaka masikioni. Hakuikasirikia imani yao. Alikasirika kwamba watu wazima mia nzima walikuwa na maumivu ya kweli, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuuliza yametoka wapi.

“Nipeni mpaka saa sita.”

Walinong'onezana. Tangu Alhamisi kengele za kanisa zilikuwa zimefungwa mdomo kwa ajili ya msiba wa Bwana, na badala yake kigogo cha mbao kilizungushwa mnarani kikakwaruza. “Kigogo cha saa sita kikilia,” alisema Wilmer, “tunaingia.”

“Kikilia nitakuwa nimerudi. Na hilo dumu lisisogee.”

Doña Casimira alikuwa amekaa wima kwenye benchi, mdomo umepasuka, nywele amezifunga vizuri. Usiku walivunja mlango wake na kuitupa cherehani yake bondeni kabla Cuc hajamchomoa.

“Ni kweli ulisema mabega yao yaungue?” aliuliza Noemí.

“Nilisema.”

“Lini?”

“Siku ya kumzika Macario wangu, mlangoni pa kanisa, wote wakisikia. Alibeba jukwaa lao la sanamu ya Bwana, lile la maandamano ya Ijumaa Kuu, tangu hajaota ndevu. Alipokufa, chama cha wabebaji kikasema hawambebi kwa sababu kafa amelewa. Jeneza nikalibeba mimi na binti zangu. Nikawaambia, hayo mabega yaliyomkataa Macario, na yaungue. Na leo narudia. Andika.”

“Kulaani hakumo kwenye sheria yangu. Ulitia nini kwenye ile mito wanayowekea mabega chini ya miti ya jukwaa?”

“Sabuni.”

“Na upupu?”

Doña Casimira alimtazama kwa huruma kidogo. “Mwanangu, upupu huacha vipele. Ningewatia upupu, ningetaka nivione.”

Cuc alikohoa akageukia ukutani. Noemí alimwangalia mpaka akanyooka.

“Nieleze kazi yako, doña. Unafanya nini na nini hufanyi.”

“Nafua foronya. Kila Kwaresima naletewa kikapu. Foronya za mito ya mti wa kulia wa kubebea, za mti wa kushoto, na za jukwaa dogo la Bikira wanalobeba wanawake. Zote beseni moja, sabuni moja, pasi moja. Naziweka kikapuni, wanakuja kuchukua.”

“Mito yenyewe?”

“Sijaigusa tangu Macario angali hai. Inakaa stoo ya kanisa, ufunguo anao don Heriberto, mkubwa wa chama. Mwanamke haingii stoo ya jukwaa. Hata mavumbi ya humo ni ya wanaume.”

Noemí aliondoka kwenda zahanati. Cuc alibaki mlangoni mpaka mlinzi wa soko, aliyeazimwa pamoja na bunduki yake, alipokuja kushika zamu, kisha akamfuata.

Kwenye zahanati, wanaume walikuwa wamelala mpaka ukumbini. Wengine walikuwa bado wamevaa kanzu za zambarau za Ijumaa Kuu, wamezishusha hadi kiunoni. Daktari Lemus, kijana wa mji mkuu mwenye viatu vyeupe, aliwapokea akiwa amechoka.

“Ni wasiwasi tu, afande. Wametembea juani kutwa nzima, hawajala, moshi wa ubani umewajaa kichwani. Mmoja kaanza kulia, wengine wakafuata. Ngozi haina kitu.”

“Umewapa nini?”

“Nimewaambia wakaoge maji baridi.”

“Wakaoga?”

“Wakaoga, wakarudi wanalia zaidi. Ndipo nikahakikisha ni wasiwasi.”

Noemí alimwacha hapo akapita kitanda kwa kitanda. Kwa kila mmoja alisema jambo moja: nionyeshe kwa kidole, usiniambie kwa mdomo. Mzee wa kwanza alionyesha bega la kushoto, shingo, na sikio. Wa pili akaonyesha bega la kushoto na shavu. Wa tatu, kijana mnene aliyekuwa akijipepea na kifuniko cha sufuria, akaonyesha pale pale. Alipomaliza ukumbi alirudi kwa daktari.

“Mbona wote ni kushoto?”

Lemus aligeuka. “Kushoto?”

“Wamelala hapa tangu jana jioni. Hujaangalia?”

“Nilikuwa natafuta upele.”

“Hukuuona, ukaacha kutafuta.”

Akamrudia yule kijana mnene. “Kaka, jana ulibeba mti gani wa jukwaa?”

“Wa kulia.”

“Na hao wenzako?”

Kijana alitupa macho ukumbini. “Kulia. Kulia. Huyo kulia. Eh.” Akaacha kujipepea. “Wote wa kulia, afande. Ukikaa mti wa kulia unaingiza bega la kushoto, na sikio unaliegemeza kwenye mto, maana ule mzigo unakulaza.”

“Kuna wa mti wa kushoto anayeumwa?”

“Sijamwona.”

“Wanawake wa Bikira?”

“Mke wangu alibeba. Yuko nyumbani anakaanga mikate ya mayai, ananicheka.”

“Moto ulianza lini? Ulipoingia tu chini ya mti?”

“Aa, hapana. Nimebeba zamu yangu vizuri, nikarudi nyumbani, nikakaa mezani. Hapo ndipo pakaanza kunichoma. Nikadhani jua. Nikajimwagia maji, nikaona kifo.”

Nje, Cuc alijaribu kwenda sambamba na mwendo wake. “Pilipili, afande? Mtu akipaka pilipili kichaa kwenye mto?”

“Pilipili ingewafukuza chini ya mti kabla ya kona ya kwanza. Hiki kimekuja taratibu. Na upupu ungeacha alama. Na sabuni ya yule mama imegusa foronya zote, kulia na kushoto na za wanawake. Kingekuwa kwenye sabuni, mji mzima ungekuwa unajipepea na vifuniko.” Alikuwa akisema kwa meno yaliyokazwa. “Kitu kiko mti wa kulia peke yake, chini ya foronya. Na huko mwanamke haingii.”

Don Heriberto Galindo, mwenyekiti wa chama cha wabebaji, aliwaona kutoka baraza la juu la kanisa. Alikuwa mfuga ng'ombe mwenye kofia nzuri na nishani ya chama kifuani. Alishuka ngazi za mawe haraka haraka, mbili mbili, akamwahi Noemí kwenye mlango wa stoo.

“Tobías ataingia, binti. Wewe utasubiri hapa. Ni utaratibu wetu, usikasirike.”

“Nimeshakasirika, don Heriberto, tangu asubuhi. Fungua.”

“Mwanamke haingii humu.”

“Leo anaingia polisi. Akitoka, mtafukiza ubani.”

Alifungua. Jukwaa lilikuwa limejaza chumba, refu kuliko basi, sanamu ya Bwana aliyezikwa imefunikwa shuka. Kwenye ncha ya mti wa kulia palikuwa na kibati cha shaba kilichosuguliwa kikang'aa. Noemí aliinama akasoma jina la Galindo.

“Baba yangu,” alisema don Heriberto. “Nafasi ya kwanza, mti wa kulia. Kabla yake babu.”

“Na wewe jana ulibeba hapa?”

“Nilibeba nafasi ya kwanza.”

“Mti gani?”

Don Heriberto alisawazisha nishani yake. “Wa kushoto.”

Cuc alishangaa bila kujizuia. “We don, tangu nazaliwa nakuona kulia.”

“Goti, mwanangu. Goti la kulia limezeeka.”

“Hizo ngazi umezishuka mbili mbili,” alisema Noemí. “Mimi mwenye magoti mazima ningezishuka moja moja.”

Hakungoja jibu. Alianzia mti wa kushoto. Alivua foronya ya mto mmoja, akauminya, na nondo wawili wakatoka kwenye tundu wakaruka kuelekea dirishani. Sufu ya ndani ilikuwa imeliwa, lakini mshono wa pembeni ulikuwa mdogo mdogo, wa mkono wenye subira. Akavuka hadi mti wa kulia. Foronya ilitoka, nayo ilikuwa safi na imepigwa pasi. Chini yake mto ulikuwa na madoa ya kahawia, na alipoutikisa nondo wakavu wakamwagika sakafuni. Hakuna aliyeruka. Pembeni ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi wa katani, hatua ndefu ndefu.

“Huu umeshonwa na nani?”

“Mambo ya kushona ni ya Casimira.”

“Doña Casimira hushona magauni ya harusi. Huu ni mshono wa gunia la mahindi.”

“Basi alikuwa na haraka.”

“Alikuwa na haraka humu ndani? Si umeniambia sasa hivi kwamba mwanamke haingii?”

Uso wa don Heriberto haukubadilika sana, ila mikono aliipeleka nyuma ya mgongo na kuificha huko. Noemí alichukua mto mmoja wa kila upande, ule wa kulia akaufunga kwenye mfuko wa plastiki asiuguse, akampa Cuc mwingine.

“Uje kituoni saa sita,” alimwambia mwenyekiti. “Najua ungekuja tu.”

Daktari Lemus alifungua mfuko, akanusa, akaufunga haraka. Ilionekana alichokinusa alikuwa anakifahamu vizuri, na hakukipenda.

“Mjomba wangu alikuwa na ng'ombe,” alisema. “Hii ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ya kupe.”

“Inafanya nini kwa mtu?”

“Ikikaa kwenye ngozi inavuruga neva ndogo ndogo. Baada ya muda panawaka moto, na kwa macho huoni kitu. Jasho huamsha. Jua huamsha. Maji…”

“Malizia.”

“Maji huzidisha.”

“Padre aliwamwagia maji. Wewe ukawapeleka bafuni. Halafu yule mama akachukuliwa kuwa mchawi kwa sababu maji yaliwaunguza.”

Lemus aliangalia viatu vyake.

“Nini kinatuliza?”

“Mafuta ya kupikia, ukipaka. Na kesho kutwa itakuwa imekwisha yenyewe.”

“Chukua mafuta yote uliyonayo. Unakuja na mimi, utawapaka kwa mikono yako, na ulichoniambia utakisema kwa sauti.”

Kigogo kilianza kukwaruza mnarani walipokuwa wanaingia uwanjani. Watu walikuwa wameongezeka. Dumu lilikuwa limetoka kivulini, liko mkononi mwa Wilmer. Don Heriberto alisimama mbele kabisa, kofia mkononi, kama aliyekuja mazishini.

Noemí aliburuta meza ya kituo hadi nje, akaweka mito miwili juu yake. Daktari alisema yake. Sauti yake ilikuwa ndogo mwanzoni, watu wakamwambia apaze, akapaza. Wilmer aliinamisha bega, akapakwa mafuta, akangoja amekunja uso. Uso ukalegea kidogo. Lakini dumu hakuliachia.

“Sawa, ni dawa ya ng'ombe,” alisema. “Na aliyeitia ni Casimira.”

“Labda,” alisema Noemí. Aliuchukua mto wenye madoa kwa kitambaa, akamwendea nao don Heriberto. “Jana mwenyekiti wenu alihamia mti wa kushoto. Kesho ni Pasaka na mnatoka tena. Mwenyekiti atarudi mahali pa baba yake, nafasi ya kwanza, mti wa kulia. Weka shavu, don. Hapa, watu wakuone.”

“Sina haja ya kuonyesha lolote.”

“Wilmer hakuombwa mara mbili. Aliweka shavu lake na sikio lake. Weka na wewe.”

Alisogeza mto. Don Heriberto alirudi nyuma hatua nzima, akajikinga kwa viganja vyote viwili, na uwanja wote ukamwona.

“Ulijua,” alisema Wilmer polepole.

“Nondo walikuwa wanaimaliza sufu.” Maneno yalimtoka don Heriberto vipande vipande. “Nilikuwa na dawa imebaki. Nikafungua mito, nikaimwagia, nikaishona mwenyewe. Nilipomaliza upande mmoja mikono ikaniwaka usiku kucha, nikauacha wa pili. Nikasema ikikauka itakwisha nguvu.”

“Hukuamini itakwisha,” alisema Noemí. “Ungeamini, ungebeba kulia.”

Don Heriberto aliinama akaokota kofia yake iliyoanguka.

“Na jana walipoanza kulia? Kinywa kilikuwa wapi?”

“Ningesemaje? Galindo ndiye aliyeutia sumu mti wa Bwana? Na jina la baba yangu liko pale?”

“Nani alimtaja Casimira wa kwanza?” aliuliza Noemí, na hakuwa anamuuliza yeye. Alikuwa anauuliza uwanja. Watu walitazamana. Kijana mnene wa zahanati, aliyekuja na kifuniko chake, ndiye aliyesema:

“Ni yeye. Sakristia, jana. Alisema, mnakumbuka yule mjane alivyotulaani?”

Watu walimgeukia mwenyekiti. Kisha kelele zile zile za asubuhi zikarudi, maneno yale yale, jina tu ndilo lililobadilika, na Wilmer akakifungua kifuniko cha dumu. Noemí alimshika don Heriberto ukosi, akamsukuma mlangoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Ndani, Cuc alikuwa akimtoa doña Casimira. Walipishana kwenye korido nyembamba, mwenyekiti na mshonaji. Don Heriberto aliinamisha kichwa. Doña Casimira hakuinamisha. Cuc alimfungia Galindo kwenye chumba kile kile, kwenye benchi lile lile.

Noemí alirudi akasimama kizingitini. Alimchukia aliyekuwa nyuma yake kuliko wote waliokuwa mbele yake, na alilijua hilo, na miguu yake haikuondoka.

“Mtu wangu yuko ndani,” alisema, “na mlango wenyewe ni huu.”

“Afande, toka hapo. Huyu si kama yule.”

“Asubuhi pia mlisema mna hakika.”

Doña Casimira alimpita ubavuni. Alishuka kizingiti, akaenda moja kwa moja hadi kwa Wilmer, akanyoosha mkono. Hakuvuta wala kusukuma. Alisubiri tu, kiganja wazi.

“Hilo mlikuja nalo kwa ajili yangu,” alisema. “Basi ni langu. Nipe.”

Wilmer alimtazama, akatazama mlango, akamtazama tena. Dumu likapita mkono hadi mkono. Doña Casimira alilifunga kifuniko, akalikaza.

“Na cherehani yangu iko bondeni, kwenye mawe. Ni ya chuma, nzito. Macario aliipandisha kwangu peke yake.” Aliwazungushia macho mmoja mmoja, hakuruka mtu. “Mtaipandisha nyinyi. Kwa mabega hayo hayo. La kushoto au la kulia, shauri yenu.”

Aliondoka na dumu lake akielekea nyumbani kwake pasipo mlango, na watu wakampisha njia.

Wa kwanza kuondoka baada yake alikuwa Wilmer, kuelekea bondeni, shati mkononi, bega likimng'aa mafuta. Kijana mnene aliweka kifuniko chake juu ya meza ya polisi akamfuata. Noemí alibaki mlangoni mpaka alipowaona wanapanda na ile mashine, wanne, wameinama chini yake, wanasaga meno.